Kinga ya Jirani

(Maandishi ya maongezi ya amani yaliyosomwa redioni, Kolwezi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, familia zilizohama na wakubwa wa mitaa.)

Jambo kwa mama anayesonga bukari huku redio iko dirishani. Jambo kwa baba aliyerudi usiku kutoka mashimoni na bado hajaosha vumbi. Jambo kwenu mliofika Kolwezi kwa gari la moshi kutoka Kasai, na ninyi mliotoka Kivu na watoto mgongoni, na ninyi wa Kasulo mliohamishwa mwaka 2017 wakati sehemu ya mtaa wenu ilipogeuzwa kuwa machimbo. Na jambo kwenu, wakubwa wa mitaa, ambao kila asubuhi mnakuta watu wamekaa mlangoni wakingoja neno.

Leo naomba tuongee juu ya kinga. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaiita baiskeli, na kwao neno kinga ni kitu cha kuzuia ubaya usimpate mtu. Kwetu Katanga kinga ni ile ya magurudumu mawili. Hakuna haja ya kuwaeleza kazi yake. Mmeiona ikileta makala kutoka porini, magunia yamefungwa juu mpaka anayeisukuma haonekani, inaonekana miguu tu. Mmeiona ikibeba madini, ikibeba mihogo, ikibeba mgonjwa. Lakini mimi nitaongea juu ya kinga ya mashindano, ile ya kukimbiza barabarani, kwa sababu niliikimbiza miaka kadhaa nikiwa kijana, na kwa sababu kinga niliyoikimbiza haikuwa yangu.

Nitaanza mbali kidogo, vijana wavumilie.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 16. Mkoa wetu kwenye karatasi za serikali uliitwa Shaba, nchi iliitwa Zaïre. Shaba yenyewe, ile ya kuyeyushwa, ilikuwa inakwisha mikononi mwetu. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1993 haikufikisha hata 50,000. Kazi zikapungua, na njaa ikaingia katika nyumba ambazo hazikuijua. Watu walipouliza nani ameleta hali hii, wakajibiwa kwa jina la kabila. Ninyi wazee mnakumbuka. Kuanzia mwaka 1992 Likasi na kwingineko, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai waliambiwa waende kwao. Wengi wao walizaliwa hapa. Baba zao, hata babu zao, waliletwa hapa na kazi ya migodi na ya reli. Katika mkoa mzima waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu. Walilala kwenye stesheni majuma na miezi wakingoja gari la moshi, na watoto wengi hawakufika.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta tulimwita Baba ya Mapacha. Alikuwa na kinga nzuri, ya chuma chepesi, usukani wake umepinda chini kama pembe za kondoo. Kila Jumapili aliisugua kwa kitambaa na mafuta kidogo. Siku aliyokwenda stesheni na mke na watoto, alikuja kwa baba yangu usiku, akasema: ichukue, nipe chochote. Baba akampa debe la unga na noti za zaïre ambazo juma lililofuata hazikununua kitu. Sisi tulijiambia kwamba tumenunua. Miaka mingi nilisema hivyo hivyo: baba alininunulia kinga.

Basi nikaanza kukimbia. Nawaeleza maisha ya mkimbizaji wa kinga asiyelipwa, maana wengine mnadhani ni mchezo wa watu wenye pesa. Unaamka saa kumi usiku, kabla malori hayajajaza barabara. Unakwenda Luilu na kurudi, ukipata nguvu unaongeza. Kolwezi iko juu, karibu mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ya mwezi wa sita vidole vinakufa kwa baridi, huwezi hata kushika breki. Unarudi, unakunywa uji, unakwenda kutafuta kazi ya siku. Mpira ukipasuka unaziba; ukipasuka pale pale mara ya nne unashona kwa uzi. Mashindano yalikuwa siku za sikukuu. Zawadi ilikuwa mfuko wa unga, au jozi ya mipira, au kupeana mkono na mkubwa fulani. Nilishinda mara mbili tu. Nilipiga picha moja na nimeipoteza.

Sasa sikieni jambo ambalo asiyekimbiza kinga halioni akiwa pembeni ya barabara. Adui wa kwanza wa mkimbizaji ni upepo. Mwenzako anakuja nyuma yake. Anayetangulia analipasua lile pigo la hewa kwa kifua chake, na anayekaa nyuma karibu na gurudumu lake anapumzika. Wataalamu wamepima: wa nyuma anaweza kuokoa robo ya nguvu zake, na aliye katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi ya hapo. Ndiyo maana wanakwenda kwa kundi, na ndiyo maana wanapokezana. Wewe unakata upepo dakika moja au mbili, unajisogeza kando, mwingine anapita mbele, wewe unaingia nyuma. Hata watu wa timu mbili zinazochukiana, wakitoroka pamoja mbele ya kundi, watapokezana hivyo mpaka karibu na mwisho. Wasipopokezana, kundi litawameza wote wawili. Na kuna adhabu moja mbaya kuliko kuanguka, nayo ni wenzako kukunyima mgongo. Wanakubana pembeni, wanakuacha kwenye upepo peke yako, na hakuna mwamuzi atakayepuliza filimbi, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa.

Adhabu hiyo mimi nimeitoa.

Mwaka 1995, siku ya Mosi Mei, alikuja kijana mmoja kukimbia nasi. Baba yake alikuwa mtu wa hapa, mama yake Mluba wa Kasai. Alibaki kwa sababu ya baba. Hatukumtukana. Hatukumsukuma. Tulimnyima mgongo tu. Kila alipojaribu kuingia nyuma ya mtu, mtu huyo alisogea. Kwenda na kurudi, njia nzima, yule kijana alikata upepo peke yake, na bado akamaliza wa tano. Mwishoni alikaa chini karibu nami, akaitazama kinga yangu kwa muda mrefu, ule usukani wa pembe za kondoo. Mtaa mzima uliijua kinga ile. Hakusema kitu. Hakurudi tena kukimbia, nami nilichukua zile jozi za mipira nikaenda nazo nyumbani.

Miaka ikapita. Nikaoa, nikaacha kukimbia, kinga ikabeba makala kama kinga nyingine. Halafu nikasikia habari za mkimbizaji mmoja wa mbali, na habari hizo hazikuniacha nilale. Sasa nitataja nchi ambayo jina lake litawachoma baadhi yenu. Ni Rwanda.

Najua. Mama wa Goma unayenisikiliza, najua. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Goma ilichukuliwa na M23, mwezi wa pili Bukavu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda liliwasaidia. Mwezi wa tisa mwaka huo huo Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Kwa aliyekimbia Goma, kuona sherehe ile ilikuwa kama kutiwa chumvi kwenye kidonda. Siongei hapa kwa ajili ya serikali yoyote. Naongea juu ya mtu mmoja ambaye mwaka 1994 alikuwa mtoto wa miaka 7, na mtoto wa miaka 7 hana jeshi.

Anaitwa Adrien Niyonshuti. Alizaliwa mwaka 1987 huko Rwamagana, mashariki ya Rwanda. Mwaka 1994, katika mauaji ambamo Watutsi mamia ya maelfu waliuawa, na Wahutu waliokataa kuua pia, ndugu zake sita walikufa. Yeye alijificha akapona. Alipokuwa kijana, ndugu mmoja wa wazazi wake, aliyewahi kukimbiza kinga, alimpa kinga yake. Alianza hapo, bila mshahara, kama sisi sote: kinga ya mtu mzima chini ya mtoto, na barabara ya milima.

Nilipofika hapo katika habari zake nilisimama. Yeye na mimi wote tulianza na kinga ya mtu mwingine. Yake ilitoka katika mkono wa ndugu. Yangu ilitoka katika hofu ya jirani.

Nchi ile ilikuwa na mashindano yake, Tour du Rwanda, yaliyoanza mwaka 1988 na yaliyoingia kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Waliokimbia hawakuwa matajiri. Abraham Ruhumuriza, aliyeyashinda mara tano, alikuwa anapakia abiria kwenye kinga ili apate chakula. Bingwa wa nchi, na kesho yake unamlipa akupeleke sokoni! Mwingine, Gasore Hategeka, alibeba viazi, magunia kwa magunia, kabla hajakaa juu ya kinga ya mashindano. Vijana wa makala wa Kolwezi, mnasikia? Ile miguu mnayoitumia kusukuma gunia ndiyo miguu yenyewe.

Mwaka 2007 mwalimu kutoka Marekani, Jonathan Boyer, ambaye mwaka 1981 alikuwa Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour de France, alikusanya vijana akawafanya timu. Niyonshuti alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo. Na ndani ya timu ile walikuwamo Watutsi na walikuwamo Wahutu. Fikiri hesabu hiyo kwa kijana aliyezikiwa ndugu sita. Sisemi kwamba kila mwenzake alikuwa na hatia. Mtoto hana hatia ya baba. Nasema tu kwamba asubuhi mnatoka pamoja, upepo unavuma, na mtu aliye mbele yako ni wa upande ule. Ama unaingia nyuma ya gurudumu lake, sentimita chache tu, ukimwamini kwamba hatakanyaga breki ghafla akuvunje shingo, ama unabaki peke yako. Halafu zamu inafika, wewe unakwenda mbele, na yeye anapumzika nyuma yako. Unampumzisha. Kwa kifua chako mwenyewe.

Watu hupenda kusema kwamba michezo inaleta amani. Mimi siamini hivyo. Nimeona mpira ukimalizwa kwa mawe. Mchezo unafuata watu waliomo; mwaka 1995 mchezo wetu ulikuwa chombo cha kumtesa mtoto wa mama Mkasai. Lakini kinga ina hesabu moja ngumu ambayo huwezi kuidanganya: usipompa mwenzako mgongo, na wewe hutaupata, na njia ni ndefu.

Niyonshuti aliendelea. Mwaka 2009 timu ya MTN ya Afrika Kusini ilimchukua, akaanza kulipwa. Mwaka 2012 alibeba bendera ya nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya London, akakimbia mbio za kinga za milimani, akamaliza wa 39. Wa 39, ndiyo. Hakuna aliyempigia wimbo wa taifa. Mwaka 2016 alikuwa tena Olimpiki, huko Rio de Janeiro, safari hii katika mbio za barabarani. Pia alifungua shule ya vijana wa kinga kwao Rwamagana. Jambo hili ndilo ninalolitazama kuliko lile la London. Mtu aliyepata mlango wa kutoka, akarudi kufundisha watoto wa majirani, bila kuchagua ni majirani gani.

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamuina Nsapu viliwaka Kasai, na zaidi ya watu milioni moja wakaacha nyumba zao. Baadhi walikuja huku. Mnajua maneno yaliyosemwa katika baa na katika magari: wamerudi, watatumaliza, wamejaa kwenye gari la moshi kama nzige. Maneno yale yale ya 1992, yamevaa shati jipya. Basi siku moja mwaka 2018 mwanamke alisimama mlangoni kwangu na watoto watatu. Nilikuwa naendelea kuishi katika nyumba ya marehemu baba. Akasema, unanijua? Sikumjua. Akasema, mimi ni mmoja wa mapacha.

Nilimkaribisha. Mke wangu akaweka maji motoni. Tukaongea juu ya baba yake, aliyefariki Mwene-Ditu, na juu ya pacha mwenzake, aliyefia stesheni wakiwa bado wanangoja, umri wa miaka 9. Sikuwa nimejua. Miaka 25 nimekunywa maji ya kisima kile kile na sikuwa nimeuliza. Kinga ilikuwa imeegemea ukuta, nyeusi kwa makala. Nikainuka, nikaitoa nje, nikamwambia: hii ni ya baba yako. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimelitayarisha tendo hilo moyoni miaka mingi, nikiona jinsi litakavyokuwa zuri.

Akaitazama. Akasema, asante kaka, itamsaidia mtoto wangu kubeba makala. Kisha akauliza: na kiwanja chetu, nani anakaa pale?

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimechagua deni dogo kati ya madeni mawili. Kiwanja chao kiliuzwa mara mbili tangu 1993. Anayekaa pale sasa alinunua kwa pesa halali, ana karatasi, ana watoto wanne, na mwaka 1993 alikuwa hajafika Kolwezi. Yeye pia alihama, kutoka mtaa uliochimbwa. Yule mama alikuwa na karatasi ya zamani ya baba yake, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Tulikwenda wote kwa mkubwa wa mtaa. Mkubwa wa kwanza alisema mambo ya zamani yasifukuliwe. Aliyemfuata alifungua daftari, akaliandika shauri, akawaita pande zote mbili wakae kwenye benchi moja. Walikaa mara tatu. Mara ya tatu yule mwenye nyumba alikuja na mke wake, na mke akaleta karanga. Shauri halijakwisha. Mpaka leo ninaposoma maongezi haya halijakwisha. Yule mama amepanga chumba Manika, mtoto wake mkubwa anabeba makala kwa kinga ya babu yake, na Jumapili wakati mwingine anaifuta kwa kitambaa na mafuta.

Wakubwa wa mitaa, nina ombi kwenu, nalo si la maneno makubwa. Daftari la viwanja la 1992 na 1993, kama bado liko katika sanduku, litoeni kabla panya hawajalimaliza. Mtu akija na karatasi iliyotoboka, msimwambie mambo ya zamani yasifukuliwe; andikeni tu jina lake, tarehe, na namba ya kiwanja. Kuandika si kuhukumu. Na aliye ndani ya nyumba leo naye aandikwe, maana naye ana watoto. Halafu benchi moja, siyo mmoja ndani na mwingine nje ya mlango. Karanga zitakuja zenyewe au hazitakuja.

Nanyi mliohama, mlio wageni katika mtaa: najua mnanyimwa mgongo. Kwenye kisima mnaambiwa mngoje mpaka wenyeji wamalize. Mwaka jana mtaa mmoja wa hapa, ambao sitautaja ili wasione haya, walipanga zamu ya kisima kwa nyumba badala ya kabila, nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, na zamu ya kufagia vilevile. Siku mbili za kwanza zilikuwa na kelele. Wakaendelea.

Yule kijana wa 1995 nimemtafuta. Niliambiwa alikwenda Zambia, Kitwe au Ndola. Kama yuko hai atakuwa na miaka kama yangu, ana mvi. Kama kuna anayemjua, kijana wa mama Mluba aliyekimbia Mosi Mei akamaliza wa tano, amwambie kwamba kuna mtu Kolwezi anayetaka kumrudishia jozi ya mipira. Mipya nimekwisha nunua. Imetundikwa nyuma ya mlango.

Juma lijalo, saa ile ile, tutasoma barua zenu juu ya viwanja na visima. Leteni barua pamoja na jina la mtaa. Jina la mwandishi si lazima.